Dokta leo huniwekei mashine?

Kuna swali nimeulizwa mara nyingi kuliko salamu tangu nianze hii kazi ya fiziotherapia, nalo ni hili: dokta leo huniwekei mashine? Anaeuliza anakuwa ameshajilaza kitandani, mgongo uko wazi, anasubiri taa nyekundu au taulo la moto, na mimi ndo kwanza namwambia mama shuka, leo tunaanza na kukaa na kusimama kwenye kiti. Sura inabadilika pale pale. Yani katoka Mbagala, kapanda daladala mbili, kalipia dirishani, afu anaambiwa akae na kusimama mara kumi, kitu anachokifanya nyumbani kwake bure kila siku akipika. Na mimi siwezi kumlaumu sana mana sisi wenyewe ndo tuliomfundisha kwamba matibabu ni ile taa.

Msimamo wangu nauweka mapema tusije tukazungushana. Moto na barafu vinatuliza maumivu, vinatuliza kweli kabisa, ila haviponyi karibu chochote kati ya yale wanayokuja nayo watu kwenye chumba cha fizio. Vinakupa nafasi tu. Dakika ishirini, nusu saa, saa nzima ukibahatika, misuli imelegea na maumivu yameshuka, na kazi yote ya maana inatakiwa ifanyike humo humo kabla nafasi haijajifunga. Sasa unakuta mtu anapewa nafasi, anaifurahia akiwa amelala, anavaa shati, anaenda kituoni, na akifika nyumbani maumivu yamesharudi yanamsubiri mlangoni. Wiki ijayo tena. Nimeona mafaili ya watu waliofanyiwa hivo miezi minne mfululizo.

Kwanini tunapenda moto kiasi hiki? Mimi nadhani jibu moja limekaa kwenye lugha yenyewe. Ugonjwa wa viungo tunauita baridi yabisi, maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, baridi na ukavu, na jina hilo halikuokotwa njiani. Limetoka kwenye utabibu wa zamani, wa Wagiriki kina Galen, ukapita kwa matabibu wa Kiarabu na Kiajemi ukafika mpaka pwani yetu, ambao ulisema kila mwili una tabia zake, joto na baridi, ukavu na unyevu, na ugonjwa ni pale tabia moja inapozidi nyingine. Kwahiyo ugonjwa wa baridi na ukavu dawa yake ni joto na unyevu: maji ya moto, mafuta ya ufuta yaliyopashwa, mvuke, supu. Bibi yangu hakuwahi kumsikia Galen maisha yake yote lakini alikuwa anatibu kwa nadharia ya Galen kila Ijumaa jioni.

Na mara nyingi ilifanya kazi, ndo shida yenyewe. Goti la mtu mzima lililosagika, lile linalokakamaa asubuhi na kulegea kadri jua linavyopanda, linapenda joto, hilo hakuna fizio atakaebisha. Lakini jina moja limebeba magonjwa mengi. Jongo nalo watu wanaliita baridi yabisi, na jongo likiamka unakuta kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, kinapwita, ukikigusa na shuka tu mtu anapiga kelele. Huyo ukimwambia ni baridi atakanda na maji ya moto usiku kucha na asubuhi hata kandambili haiingii. Afu kuna mgonjwa wa sukari anaesema miguu inawaka moto. Hiyo kauli nimeisikia mno. Kwa akili ya kawaida miguu ikiwaka moto unaizima, kwahiyo anatumbukiza kwenye beseni la barafu, au mwingine anaikanyagisha kwenye sakafu ya saruji usiku kucha. Kumbe moto haupo mguuni kabisa, mguu ukiushika ni wa kawaida au hata wa baridi, kinachowaka ni nevu, yani mishipa ya fahamu, zilizoharibika na sukari zinatuma taarifa za uongo kwenye ubongo. Huyu nitarudi kwake baadae mana ndo mgonjwa ninaemuogopa kuliko wote linapokuja suala la moto na barafu.

Sasa tuingie kwenye joto lenyewe linafanya nini. Kliniki nyingi zina hotipaki, ule mfuko wa kitambaa wenye udongo maalum ndani, unakaa kwenye tangi la maji ya nyuzi 70 mpaka 75, unatolewa, unafungwa kwenye matabaka sita au nane ya taulo ndo unawekwa mgongoni kama dakika 15 hadi 20. Ngozi inapata moto vizuri. Msuli uliopo chini kidogo unapata nyuzi chache. Ukishafika sentimita mbili tatu ndani kinachobaki ni kidogo sana, na kama mtu ana mafuta ya kutosha kiunoni ndo kabisa, mafuta ni blanketi. Juu ya hapo damu yenyewe inafanya kazi ya rejeta, joto likiingia mishipa inatanuka, damu inakuja kwa wingi na kulibeba inaenda kulimwaga kwingine. Kwahiyo yule mzee anaewekewa taa ya infraredi juu ya nyonga akiamini joto linapenya mpaka kwenye kiungo, hapana mzee wangu, kiungo cha nyonga kimezama huko ndani na taa haijui hata kama kipo. Kuna mashine ya diathemia ya mawimbi mafupi, inapasha mwili joto kwa mawimbi ya redio, inafanya kazi kwenye masafa ya megahezi 27.12, hiyo inafika ndani zaidi, lakini hiyo mtu mwenye betri ya moyo haikaribii, na aliyewekewa vyuma baada ya ajali ya bodaboda haiwekwi juu ya vyuma vyake, na siku hizi waliowekewa vyuma ni wengi kweli kweli. Muulize kabla hujawasha, usisubiri akwambie.

Sasa kama joto halifiki, mbona watu wanapata nafuu? Hapa ndo patamu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya geti: kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama mlango, taarifa za maumivu zinapita hapo kwenda kwenye ubongo, na taarifa nyingine za kuguswa zinaweza kuusukuma ule mlango ufunge kidogo. Ndo mana ukijigonga kiwiko unakisugua bila kufundishwa na mtu. Miaka mingi imepita, nadharia imerekebishwa hapa na pale, ila wazo la msingi lipo. Ngozi ikipata joto la kupendeza, ubongo unapokea habari njema nyingi kwa pamoja na ile habari mbaya inapungua sauti. Msuli uliokaza kwa kujihami unalegea.

Na ukitaka kuona jinsi ngozi inavyoweza kumdanganya mwenye ngozi, angalia dawa za kuchua. Unapaka, panawaka, unasema eeh imeingia hiyo. Haijaingia popote. David Julius wa Marekani mwaka 1997 alitumia kemikali ya pilipili, ile ile inayokutoa machozi ukila pilipili mbuzi, akapata kipokezi kwenye nevu ambacho kinashtuka joto likifika kama nyuzi 43 na kinashtuka vile vile kikikutana na pilipili. Yani kwa nevu, pilipili na moto ni habari moja. Baadae kikapatikana na kipokezi mwenzake cha baridi, ambacho kinaamshwa na mentholi, ndo mana pipi ya minti inafanya mdomo uwe wa baridi wakati haijatoka kwenye friji. Julius na Ardem Patapoutian wakapewa Nobel ya tiba mwaka 2021 kwa kazi ya vipokezi vya joto na mguso. Kwahiyo dawa ya kuchua yenye pilipili au mentholi inacheza na kengele, nyumba yenyewe haijaungua wala haijapoa. Mimi sisemi usipake. Paka. Kengele ikilia kwingine unasahau goti, na ukisahau goti unaweza kutembea, na kutembea ndo tunachokitafuta. Ila usipake dawa hiyo afu ukafunga na hotipaki juu yake, hapo utakuja kunitafuta na malengelenge.

Barafu nayo ina hadithi yake. Uwanjani kwetu kwenye ndondo mtu akiteguka enka panazuka mjadala kama wa Simba na Yanga, kuna timu maji ya moto na chumvi na kuna timu barafu, na majeruhi yupo chini anawasikiliza. Timu barafu wana silaha ya kitaalamu: mwaka 1978 daktari wa Marekani Gabe Mirkin aliandika kanuni ya RICE, yani pumzika, weka barafu, bana na bandeji, inua juu. Ikaenea dunia nzima, makocha wa shule za msingi mpaka leo wanaijua. Kisichosemwa sana ni kwamba Mirkin mwenyewe mwaka 2014 alibadili kauli, akaandika kwamba barafu na kupumzika moja kwa moja vinaweza kuchelewesha kupona. Sababu yake sio ya ajabu. Ule uvimbe na wekundu na joto baada ya kuumia ni mafundi wameingia saiti, chembe za damu zinakuja kula kilichokufa na kuita wengine waje wajenge. Mwaka 2011 Wajapani walionyesha kwa panya kwamba msuli uliopondwa ukipoozwa na barafu wale mafundi wanachelewa kufika na msuli unajengeka vibaya zaidi. Panya sio mtu, sawa. Ila ilitosha kuwafanya watu wafikiri upya. Wazungu wanapenda vifupisho, mwaka 2012 ikaja POLICE ambayo pumziko liliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na kuupa mguu mzigo kwa kiasi, mwaka 2019 ikaja PEACE na LOVE ambayo hata barafu yenyewe haimo.

Je barafu itupwe? Mimi nasema hapana, na hapa nitagombana na fizio wenzangu wa kizazi kipya wanaoitukana kila wakipata nafasi. Enka iliyoteguka saa hii hii inauma vibaya, dawa ya maumivu nyumbani huenda hakuna, barafu kwa jirani mwenye friza ipo ya bei ya pipi. Dakika kumi za ganzi zinamfanya mtu aweze kukanyaga taratibu jioni ile ile badala ya kulala siku nne mguu juu ya mto. Kuna jaribio la mwaka 2006, kina Bleakley, watu 89 walioteguka enka, nusu wakawekewa barafu dakika 20 mfululizo na nusu wakawekewa dakika 10, wakapumzika dakika 10, wakarudia dakika 10. Wa kumi kumi baada ya wiki moja walikuwa na maumivu kidogo zaidi wakitembea. Kwahiyo kumi, pumzika, kumi. Basi. Habari za kukaa na barafu saa zima ni ujinga ambao nimeufanya mwenyewe nikiwa chuo, niliumia enka nikaweka mguu kwenye ndoo ya barafu huku naangalia mechi, mpaka mapumziko nikautoa umepauka kama samaki wa friza na nilikaa siku tatu vidole havijui kama viko kwangu.

Kuna hatua nne za barafu ambazo kila mtu azijue: kwanza unasikia baridi, afu kama inakuunguza, afu inauma uma, mwisho ganzi. Ikifika ganzi toa, kazi imeisha, ukiendelea unatafuta matatizo. Na barafu ya kawaida iliyopondwa ndani ya kitambaa chenye majimaji ni bora kuliko ile mifuko ya jeli ya bluu inayouzwa famasi, na ni fizikia tu. Barafu ikiyeyuka inakaa kwenye nyuzi sifuri na kila kilo moja inameza kilojuli 334 za joto ndo iishe kuwa maji, wakati jeli iliyotoka friza inaweza kuwa nyuzi 15 au zaidi chini ya sifuri, yani mwanzoni inaunguza ngozi na baada ya muda mfupi imeshachoka. Halafu pale pembeni ya goti, upande wa nje, chini kidogo, kuna nevu imepita karibu sana na ngozi, ndo inayonyanyua unyayo. Watu wameweka barafu pale wakaibana na bandeji wakaamka unyayo umelegea unaburuza chini. Usibane barafu pale.

Vijana wa jimu nao kwa sababu siku hizi kila mtu anajirekodi ndani ya pipa la barafu. Mwaka 2015 watafiti wa Australia na wenzao walichukua wanaume wakawafanyisha mazoezi ya nguvu wiki 12, kundi moja baada ya zoezi likakaa kwenye maji ya nyuzi 10 kwa dakika 10, lingine likaendesha baiskeli taratibu. Wa maji baridi misuli yao iliongezeka pungufu kuliko wenzao, na nguvu pia. Kwahiyo mchezaji mwenye mechi Jumatano na Jumamosi anaweza kuwa na sababu ya kuingia kwenye pipa, anatafuta apunguze maumivu acheze. Wewe unaetafuta kifua unajipunja mwenyewe na umelipia.

Tuje kwenye kukanda, mana huwezi kuandika habari za joto kwa Waswahili ukaruka kukanda. Mama akijifungua nyumba nzima inahama kwenye jiko. Maji yanachemshwa, mama mkwe au bibi anashika taulo, linachovywa, linakamuliwa, linabamizwa tumboni mara ngapi sijui, asubuhi na jioni, na mama wa watu analia na anaambiwa vumilia mwanangu damu chafu itoke, tumbo lirudi. Nimewahi kuitwa wodini kuangalia mama wa upasuaji aliyekandwa siku ya tano juu ya mshono. Sitaki kuelezea nilichokiona.

Mji wa mimba unarudi wenyewe, unajikunja kwa homoni, mtoto akinyonya unajikunja zaidi, na mpaka wiki sita hivi unakuwa umerudi ulipokuwa. Taulo halisukumi kitu huko ndani, tushaona joto linaishia wapi. Tumbo la nje lililolegea ni misuli iliyotanuka na hiyo inarudi kwa mazoezi ya taratibu ya pumzi na misuli ya chini, ambayo kliniki zetu za uzazi nyingi hazimfundishi mtu, anaruhusiwa na karatasi ya chanjo ya mtoto basi. Kwahiyo nani wa kulaumiwa hapo, bibi mwenye taulo au sisi tulioacha nafasi wazi? Mimi kila nikijaribu kumkasirikia bibi nashindwa katikati. Mana ukiangalia vizuri kukanda kumebeba vitu vingine ambavyo ni dhahabu: mama hapiki, hafui, anapewa mtori na uji wenye pilipili manga, kuna mtu mzima anamwangalia mwili wake mara mbili kwa siku kwa siku arobaini. Mgongo uliochoka na uzazi ukipata taulo la uvuguvugu unapona roho. Ukimwambia bibi acha kukanda anasikia acha kumhudumia mwanao, na lazima atakukatalia. Mimi siku hizi nasema bibi kanda, ila mgongo na mabega na miguu, tumboni pasha tu kama hakuna mshono, na maji uyajaribu kwa kiwiko chako sio kiganja, mana kiganja cha bibi aliyepika miaka hamsini hakisikii moto.

Hilo la kiganja sio utani. Mwaka 1947 Moritz na Henriques walipima ngozi inachukua muda gani kuungua, wakatumia nguruwe na watu waliojitolea. Kwenye nyuzi 44 inachukua kama saa sita. Kwenye nyuzi 49 dakika kumi hivi. Kwenye nyuzi 60, sekunde tano. Na nyuzi 60 ni chai ambayo bado unaipuliza kidogo kabla hujanywa. Kati ya maji yanayopendeza na maji yanayochuna ngozi pana upenyo mwembamba sana, na ndo mana nyuzi 40 hivi zinatosha kwa karibu kila kitu ambacho joto linaweza kukusaidia. Kuvumilia hakuongezi dawa.

Sasa yule wa sukari. Mtu mwenye sukari ya muda mrefu nevu za miguuni zinakufa taratibu kuanzia vidoleni, na za kwanza kupotea mara nyingi ni zile za kusikia maumivu na joto. Analoweka miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, yeye anaona vuguvugu, mjukuu akigusa anatoa mkono. Kesho yake ngozi imebabuka, wiki mbili baadae kidonda, na vidonda vya sukari wote tunajua vinavyoishia, watu wamekatwa miguu kwa sababu ya beseni. Aliyewahi kuugua ukoma ni hivyo hivyo, na aliyepooza upande mmoja kwa stroku pia mara nyingi ule upande hausikii vizuri. Kabla sijaweka chochote cha moto au cha baridi nachukua vichupa viwili, kimoja maji ya uvuguvugu kingine ya baridi, mgonjwa anafumba macho ananiambia kipi ni kipi. Inachukua dakika moja. Fizio akikuwekea taa bila kukupima hivyo, muulize kwanini.

Na kuna siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tanzania na Uganda ni kati ya nchi ambazo watoto wengi sana wanazaliwa nayo, halafu darasa la huduma ya kwanza linafundisha barafu kama vile wote tumezaliwa Norway. Baridi inabana mishipa, damu inapita polepole, chembe zenye siko zikikosa oksijeni zinajikunja mfano wa mundu na kuziba njia, hapo maumivu aliyokuja nayo mtoto yalikuwa utangulizi. Kwa mtoto wa siko seli barafu isiguse, aliyeumia mpirani au aliyeamka na maumivu ya mifupa, wote wawili. Uvuguvugu, maji ya kunywa mengi, dawa ya maumivu, na hospitali akizidiwa. Natamani kila mwalimu wa michezo awe na hii sentensi ukutani kabla hajakimbilia kwa mama muuza barafu.

Narudi kwenye mashine, na hapa naongelea hela. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi, siitaji, tulikuwa na vitanda vitano na fizio wawili, na foleni ya benchi mbili. Mazoezi yanataka mtu akae na mgonjwa, amwangalie anavyokunja goti, amrekebishe, amtie moyo, nusu saa imeisha. Taa haitaki mtu. Unawasha, unaweka saa, unaenda kitanda cha pili. Kwa fizio mmoja watu watano wanatibiwa kwa wakati mmoja na kila mmoja risiti yake inasomeka mashine, na mashine ilinunuliwa kwa hela nyingi kwahiyo lazima irudishe. Mgonjwa kafurahi, mhasibu kafurahi, mimi nimepumzisha miguu. Altrasaundi, ile ya kutibu maumivu sio ya kuangalia mimba, ndo usiseme, kwenye majaribio ambayo kundi moja wanapakwa jeli na kuzungushiwa kichwa cha mashine iliyozimwa bila kujua, tofauti na waliowashiwa mara nyingi ni ndogo au haionekani. Lakini haijawahi kutokea mgonjwa akaniuliza dokta, hiyo altrasaundi umeiwasha kweli?

Kwenye mgongo angalau tuna kitu cha kushika. Mwaka 2006 wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walikusanya tafiti za joto na baridi kwa maumivu ya kiuno, wakakuta mkanda wa joto unapunguza maumivu mapya kidogo na kwa muda mfupi, na ukiongezwa mazoezi matokeo yanakuwa mazuri zaidi. Upande wa baridi tafiti zilikuwa chache mno hata kusema neno. Hiyo kidogo na muda mfupi ndo bidhaa yote tunayoiuza kwenye ile taa. Na sio bidhaa mbaya, mtu ambae hawezi kuinama kuvaa viatu akapata nusu saa ya kuweza kuinama, hiyo nusu saa ni mali. Ndo mana mimi utaratibu wangu nimeupindua, mgonjwa anapata joto dakika kumi, anashuka hapo hapo bado mgongo una moto, tunafanya kazi mpaka atoke jasho, na nyumbani anaambiwa taulo la uvuguvugu kwanza afu mazoezi, sio mazoezi afu taulo, wala taulo afu kulala.

Nina bibi mmoja wa goti, wa miaka sabini na kitu, ambae nilimfundisha hivo kama miezi miwili iliyopita, taulo, kiti, ngazi tatu za barazani kwake kupanda na kushuka akishikilia nguzo. Wiki iliyopita kaja anatembea bila mjukuu. Akaniambia mwanangu sasa nafika mpaka sokoni narudi, goti linanikumbuka usiku tu. Nikafurahi, nikamsifia, nikaanza kuandika kwenye faili, kugeuka nakuta ameshapanda kitandani ametulia kabisa, suruali ya ndani ya kanga ameikunja mpaka juu ya goti. Haya, akasema, sasa niwekee na mashine yangu, nimeilipia.